Filimbi ya Pili

Kiwandani waliniita Sista, na sikuwahi kuwasahihisha. Sikuwa nesi. Nilikuwa karani wa stoo ya nyuzi katika kiwanda kimoja cha nguo pale Eldoret. Mwaka wa 1981 walinipeleka Nakuru kwa kozi ya wiki mbili ya huduma ya kwanza, nikarudi na cheti, beji na sanduku la mbao lenye msalaba mwekundu. Tangu siku hiyo, mtu akikatwa kidole na mashine, ni mimi. Msichana akizimia kwa joto la chumba cha kusokota, ni mimi. Meneja akija Jumatatu na kichwa chake cha Jumapili, ni mimi pia, na hapo ndipo nilipogawa aspirini kwa uchoyo.

Kila Jumatano saa ya chakula nilifundisha kantini. Nilikuwa mkali, sikatai. Watu walikuja na ujinga wa kutosha kuua kijiji kizima. Mmoja alikuwa na hakika kwamba aliyezirai hunyweshwa maziwa. "Na yakiingia kwenye mapafu, utamkamua?" nilimuuliza. Mwingine alimtia mwenye kifafa kijiko mdomoni hadi akamvunja meno mawili, na alikuwa akisimulia kwa fahari. Niliwagombeza mmoja mmoja. Damu inatoka? Bandika kitambaa safi, bonyeza, usiachilie. Ameungua? Maji baridi, mengi, na hiyo dawa ya meno mkapigie mswaki. Ana kifafa? Ondoa vitu vigumu karibu naye, mgeuze ubavu akitulia, na uweke kijiko chako kwenye sukari.

Lakini somo lililojaza kantini lilikuwa la moyo. Nilijaza gunia taka za pamba, nikalichora mbavu kwa makaa, nikalilaza sakafuni. Mwite. Mtikise bega. Sikiliza pumzi. Tafuta mpigo shingoni, pembeni ya koo. Hakuna? Inua kidevu, ziba pua, mpulize mdomoni mara mbili. Kisha tafuta ncha ya chini ya mfupa wa kifua, panda vidole viwili, weka kiganja hapo na kingine juu yake, nyoosha mikono. Sukuma mara kumi na tano, puliza mara mbili. Rudia mpaka apumue, au mpaka wewe mwenyewe uanguke.

"Sista," aliuliza Phineas Kituyi wa idara ya rangi, "sasa nikipata mama mkwe wangu ameanguka, mimi ambaye hata mkono wake siwezi shika, nimpulize mdomo?"

"Mpulize, Kituyi. Au umzike kwa heshima."

Walicheka mpaka sufuria zikatikisika. Mimi sikucheka. Niliwaambia jambo ambalo mwalimu wetu wa Nakuru alilirudia kila asubuhi: moyo ukisimama, una dakika nne. Baada ya hapo ubongo unaanza kufa, na hata ukimrudisha mtu, huenda usimrudishe yule uliyemjua. "Kwa hiyo usingoje daktari," nilisema huku nikigonga meza. "Usingoje meneja. Usingoje ruhusa ya mtu yeyote."

Mwanafunzi wangu mbovu kuliko wote alikuwa Kipyego. Alikuwa fundi wa mashine, mtu wa Moiben, wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono mipana na kichwa kilichochukua mambo polepole. Kila mara kiganja chake kilitua chini mno. "Kipyego, hapo ni tumbo! Unataka afufuke ama atapike?" Hakukasirika hata siku moja. Alisema, "Pole, Sista, wacha nianze tena," akaanza tena, akihesabu kwa Kikalenjin, kwa sababu eti kwa Kiswahili alikuwa anapotea akifika saba. Wengine waliporudi kazini, yeye alibaki amepiga magoti mbele ya gunia. Niliona ananipotezea wakati.

Sasa lazima nieleze habari ya bendera, maana watoto wa siku hizi nikiwaambia huniangalia kama mtu aliyeota. Kila jioni saa kumi na mbili, mbele ya ofisi za serikali na vituo vya polisi, bendera ilishushwa. Askari alipuliza filimbi, na kila aliyeisikia alisimama pale pale alipo. Mwenye baiskeli alishuka, mwenye gari alisimamisha, mama mwenye mzigo kichwani aliganda nao. Filimbi ya pili ikilia, mnaendelea na safari. Mahali pengi ilikuwa kama nusu dakika tu, na watu waliichukulia kama mvua, unasimama ipite. Lakini kati ya kiwanda chetu na mji palikuwa na ofisi moja ya serikali, na hapo alikuwepo Sajini Wasike.

Sajini Wasike aliletwa baada ya Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali wakashindwa. Baada ya hapo kila mwenye cheo alitaka aonekane anaipenda serikali kuliko mwenzake, na yeye alichagua bendera. Aliishusha kidogo kidogo, akaikunja pembe kwa pembe, akapiga saluti, ndipo akaruhusu filimbi ya pili. Siku moja nilimpima kwa saa yangu. Dakika mbili na sekunde hamsini. Bila kutaka, nilizitoa kichwani kutoka kwenye zile nne, na kilichobaki hakikunipendeza hata kidogo. Tangu jioni hiyo nilianza kupita njia ya nyuma, kwenye tope la mashamba ya mahindi, hata kama viatu viliharibika.

Kulikuwa na mzee mmoja kiziwi aliyeuza fagio pembeni ya barabara hiyo. Mwezi wa Mei alitembea katikati ya filimbi mbili kwa sababu hakusikia ya kwanza. Wakamchukua. Aliporudi baada ya wiki mbili hakuweza kutafuna, na fagio hakuziuza tena. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sote tulijifunza kuangalia saa zetu.

Sisi nyumbani tulikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengine. Mume wangu, Eliakim Ouma, alikuwa karani katika ghala la mahindi. Mdogo wake, Johnstone, alikuwa fundi wa ndege katika jeshi la anga. Alichukuliwa wiki ile ya Agosti, na mpaka sasa ninapoandika sijui kama alikuwa upande wowote ama alikutwa tu na sare yake mwilini. Eliakim alisafiri kwenda Nairobi mara tatu kumtafuta. Aliandika barua kwa kila ofisi yenye anwani. Mimi nilimsihi anyamaze. Sisi ni Wajaluo, tuko mbali na kwetu, na mwaka huo jina lako peke yake lilitosha kumfanya askari asome kitambulisho chako mara mbili.

"Mama Adero," aliniambia, "mimi siwezi kula ugali na ndugu yangu hajulikani aliko."

"Basi usile. Lakini usiandike."

Aliandika. Mwanzoni mwa Julai 1983 mtu mwenye koti la kaki alianza kukaa kwenye kioski kilichotazama nyumba yetu. Aliagiza chai moja, akaikalia mpaka jioni. Mwenye kioski alinijia kwa siri akasema yule mtu ameuliza mzee wangu hurudi nyumbani saa ngapi.

Na juu ya hayo yote, kifua. Kilianza mwezi huo huo. Eliakim alikuwa akisimama katikati ya ua na ndoo mkononi, anajishika hapa, chini ya ziwa la kushoto, na jasho linamtoka asubuhi ya baridi ya Eldoret. Alisema ni gesi. Alikunywa magadi kwa maji ya moto, akacheua, akasema, unaona? Mimi niliona. Niliona jinsi alivyousugua mkono wa kushoto kama mtu aliyeulalia vibaya. Niliona anavyopumzika mara mbili kutoka mlangoni hadi chooni. Usiku sikulala, nilimsikiliza anavyopumua, na nilikuwa na hofu ambayo cheti changu kiliizidisha badala ya kuipunguza. Nilijua jina la kila kitu kilichokuwa kinakuja.

Ilinichukua wiki tatu za kelele kumfanya akubali kwenda hospitali. Tulipanga Ijumaa, tarehe ishirini na tisa. Jumatatu yake ingekuwa Agosti mosi, mwaka umetimia, na mji ulikuwa umejaa askari walioshika bunduki na kukosa la kufanya. Alinijia getini saa kumi na moja, niliposhuka kazi. Ningekuwa tayari, lakini dakika hiyo hiyo msichana mmoja akaletwa na kidole kinachovuja damu, nikabaki kumfunga. Tukaondoka saa kumi na moja na nusu na kitu.

Kipyego alikuwa anatoka pia, akisukuma baiskeli yake. Alimtazama Eliakim usoni, kisha akanitazama mimi.

"Mzee akae kwa karia, hapa nyuma," alisema. "Mimi nitasukuma pole pole."

"Nibebwe kama gunia la mbolea?" Eliakim alijibu. "Asante, bwana. Miguu iko." Kipyego akatufuata nyuma, akisukuma baiskeli yake.

Tulipofika penye njia panda, nilisimama. Njia ya nyuma ilikuwa na tope, na ilikuwa na mlima. Eliakim alikuwa tayari amepumzika mara nne, na midomo yake haikuwa na rangi nzuri. Barabara kubwa ilikuwa tambarare. Nilitazama saa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nane, na nilidhani tungeipita ile ofisi mapema. Nikasema tupite barabarani. Ni mimi niliyechagua, wala si mtu mwingine.

Alipumzika mara mbili zaidi. Filimbi ya kwanza ilitukuta mbele ya lango lenyewe.

Tulisimama. Kulikuwa na watu kama thelathini pale, na lori moja la mahindi, na Landrova ya polisi ukingoni. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba nilisikia kamba ya bendera ikikwaruza mlingoti. Eliakim alikuwa kulia kwangu, hatua moja. Sikugeuza kichwa. Nilimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kuniambia jambo, kisha nikasikia mwili wake ukianguka.

Alianguka chali. Niliweza kumwona kwa pembe ya jicho. Alikoroma mara mbili, ule mkoromo ambao mwalimu wa Nakuru alituambia tusiudhani ni usingizi, kisha akanyamaza. Midomo ikabaki wazi.

Mguu wangu haukwenda.

Nimejiuliza swali hilo miaka yote na nimejitetea kwa kila namna. Nilisema moyoni kwamba nikisogea, mimi mke wa Ouma, shemeji wa Johnstone, mbele ya bendera, siku tatu kabla ya Agosti mosi, watatuchukua sote wawili na Eliakim atafia sakafuni kwenye seli. Nilisema Sajini anatutazama. Nilisema ni sekunde chache tu. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonishika mguu. Kilichonishika ni woga. Niliogopa kupigwa. Nilimfikiria yule mzee wa fagio na meno yake, na nikasimama wima, mikono ubavuni, macho kwenye kitambaa kinachoshuka, na mume wangu amekufa miguuni pangu. Nilikuwa nahesabu. Sekunde thelathini. Arobaini.

Baiskeli ilianguka kwa kishindo. Watu thelathini waliruka, na hakuna aliyesogea. Kipyego alipiga magoti kwenye lami, akamtikisa bega, akamwita, "Mzee! Mzee!" Akaweka sikio mdomoni pake. Akatafuta shingo. Alifanya yote kwa mpango, polepole, kama pale kantini, na mimi nilitamani kumpigia kelele aharakishe. Akainua kidevu, akaziba pua, akampulizia mara mbili. Kisha akaweka viganja vyake. Vilitua chini mno.

"Juu," nilisema bila kufungua meno. "Vidole viwili."

Sikutikisa hata ukope. Nilijiambia filimbi inakataza mguu, haikatazi mdomo. Kipyego alipandisha mikono, akaanza kusukuma. "Akenge, aeng', somok..." Kitu kilialika kifuani mwa Eliakim, mfupa. Mama mmoja nyuma yetu alianza kulia kwa sauti ya chini. "Usiache," nilisema. "Ni ubavu tu. Usiache."

"Wewe!" Sajini Wasike alipaza sauti kutoka kwenye mlingoti. "Wewe pale chini! Simama!"

Kipyego hakuinua kichwa. Alimaliza kumi na tano, akapuliza mbili, akarudi kwenye kifua. Sajini hangeweza kumjia kwa sababu bendera ilikuwa mikononi mwake, nusu imekunjwa, na kanuni aliyoitunga mwenyewe ilimfunga kama sisi. Aliendelea kukunja. Pembe kwa pembe. Nilimwona anaharakisha kidogo, na kwa mara ya kwanza nilimwombea askari yule kwa Mungu, kwamba ahesabu vibaya, aruke pembe moja. Hakuruka. Kipyego alikuwa analowa jasho. Mara ya tatu. Mara ya nne. Mara ya tano kiganja kilianza kushuka tena, nikasema juu, akapandisha.

Kisha Eliakim akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kibaya, chenye mate, lakini kilikuwa chake. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine.

Filimbi ya pili ikalia.

Hapo ndipo nilipopata miguu. Nilijitupa chini, nikamshika shingo, mpigo ulikuwepo, mwembamba na wa kurukaruka. Kipyego alikaa juu ya visigino vyake akihema. "Sista," aliniuliza, "nilihesabu vizuri?" Sikupata nafasi ya kumjibu. Askari watatu walimwinua kwa kola, wakampiga teke la kwanza kabla hajasimama sawa. Mfuko wa shati lake ulichanika, spana ikaanguka barabarani. Hakupigana nao.

Nilimwendea Sajini kwa magoti, sina aibu kusema. "Afande, mume wangu. Hospitali. Tafadhali, afande." Alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akaamuru wamtie Eliakim kwenye Landrova, na mimi, na Kipyego aliyefungwa pingu. Walituweka nyuma pamoja, Eliakim sakafuni, na Sajini mwenyewe akaingia kukaa mlangoni.

Barabara ilikuwa na mashimo, na kila shimo kichwa cha Eliakim kiliviringika na kidevu kikaanguka kifuani. Kipyego aliona kabla yangu. Aliinama na mikono yake yenye pingu, akakishika kidevu, akakiinua, akakishikilia hivyo njia yote ili pumzi ipite. Damu ilikuwa inamtoka puani na hakuipangusa.

"Mama," Sajini Wasike aliniambia, "wewe nimekuona. Bwana yako ameanguka na bado umesimama. Hiyo ndiyo heshima. Kama watu wote wangekuwa hivi, hii nchi ingekuwa mbali." Aliwasha sigara. "Jina?"

"Leonida."

"Leonida nani?"

Nilimpa jina la baba yangu badala ya la mume wangu. Aliliandika. Kisha akamwelekeza Kipyego kwa sigara.

"Na huyu? Mnajuana?"

Gari liliingia shimo jingine. Kipyego aliinua macho akanitazama. Hakuwa akiniomba kitu, alikuwa tu anangoja kusikia, kama alivyongoja kantini nimwambie kama amepatia.

"Simjui," nilisema.

Aliyashusha macho yake. Mikono haikuondoka kwenye kidevu cha mume wangu mpaka tulipofika mlango wa hospitali, na walipomshusha Eliakim kwenye machela, Landrova ikaondoka na Kipyego.

Eliakim alizinduka vizuri Jumapili. Daktari alisema moyo umeumia lakini utapona, akipumzika, akila dawa, na asipate mshtuko wowote kwa miezi mingi. "Wowote," alinirudia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimebeba mshtuko huo kwenye kikapu. Jumatatu nilikwenda kiwandani kuomba likizo. Jina la Kipyego lilikuwa limefutwa kwenye ubao wa shifti, wala hawakuandika jingine mahali pake. Kituyi alinipita bila kunisalimia. Meneja alisema masomo ya Jumatano yamesimama kwa sasa, na hakunitazama usoni aliposema.

Jioni hiyo Eliakim alinishika mkono.

"Mama Adero. Daktari anasema kuna mtu alinisukuma kifua pale barabarani. Anasema bila huyo mtu saa hii ningekuwa mochari. Alikuwa nani?"

Nilimjua mume wangu. Mtu aliyekwenda Nairobi mara tatu kwa ajili ya ndugu yake angeinuka kwenye kitanda kile na nguo za hospitali, akaenda kusimama mbele ya Sajini Wasike na kusema, huyu mtu mmemfunga kwa ajili yangu, mwachilieni mnifunge mimi. Wangemfunga. Moyo ule usingehimili seli hata usiku mmoja. Kwa hiyo nilikuwa na sababu, nayo ni sababu nzuri, na ningeweza kuieleza mbele ya mchungaji. Ila haikuwa peke yake. Sikutaka ajue nilikuwa nimesimama.

"Ni mimi," nilisema.

Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa Johnstone. Alisema Mungu alimpa mke, akasema akitoka atasimama kanisani aseme mbele ya watu wote. Nilimwambia asiseme sana, kifua kitauma. Nilimfunika shuka.

Jumanne, saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa mlangoni mwa wodi nikimwaga maji ya kunawa. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja ukumbini, akisoma namba za milango. Alikuwa na kibuyu cha maziwa chini ya kwapa, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la mbali.

"Shikamoo, mama," alinisalimu, ingawa tulikuwa rika moja. "Mimi ni Mary, natoka Moiben. Natafuta mgonjwa mmoja alianguka barabarani Ijumaa, ama bibi yake. Kiwandani wameniambia bibi anaitwa Sista Leonida. Anafanya kazi na bwana yangu."

"Una shida gani naye?"

"Bwana yangu ameshikwa. Nimeenda vituo vyote, kila mahali wanasema hayuko. Leo askari mmoja amenionea huruma. Amesema nikileta mtu wa kusema huyo mzee alikuwa anakufa kabisa, ya kwamba bwana yangu hakudharau bendera, labda watamtoa kabla hawajampeleka mbali. Amesema ni leo, kesho haitawezekana." Alihamisha kibuyu kwapa la pili. "Sista atakubali. Bwana yangu humsifu sana. Kila Jumatano jioni ananilaza chini kwa nyumba ananifundisha. Watoto hucheka."

Nyuma yangu, kitanda cha mwisho dirishani, Eliakim alikuwa ameinua kichwa anatutazama. Hangeweza kusikia kutoka kule.

"Wamehamishwa," nilimwambia. "Walipelekwa Kisumu jana, yeye na bibi yake."

Nilimwona anapiga hesabu ya Kisumu, nauli na siku. Kisha akauliza, "Lakini huyo mzee, yuko hai?"

"Yuko hai."

"Asante Mungu," alisema, na uso wake ukafunguka. "Basi bwana yangu hakukosea."

Akanipa kibuyu, akasema maziwa hayatafika Kisumu, afadhali niwape wagonjwa wangu. Alidhani mimi ni nesi. Nilimtazama akirudi kwa ukumbi ule ule mpaka akapinda kona.

Niliporudi kitandani Eliakim aliuliza, "Ni nani huyo?"

"Mtu tu. Amepotea wodi."

"Masikini. Si ungemwelekeza?"

"Nimeshamwelekeza," nilisema, nikakaa kando yake.